Mpangaji Katika Ardhi ya Babu Yake

Mwaka 1899 Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza iliwauliza wanasheria wakuu wa serikali swali moja: je, Malkia ana haki ya kugawa ardhi katika Himaya ya Afrika Mashariki? Jibu lilihitajiwa haraka. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imefika Nairobi, fedha za walipa kodi wa Uingereza zilikuwa zikimezwa na udongo wa Taru na Tsavo, na London ilitaka wakulima ambao mazao yao yangeipa reli hiyo mizigo ya kubeba. Lakini palikuwa na kikwazo cha kisheria. Nchi hii, ambayo leo ni Kenya, haikuwa koloni. Mwaka 1895 Uingereza ilijitangaza kuwa mlinzi wake tu, na mlinzi hawi mmiliki wa mali anayoilinda.

Wanasheria wakakivuka kikwazo hicho. Walisema kwamba pale ambapo wenyeji hawana serikali iliyojengeka, wala umiliki unaotambulika wa mtu binafsi au wa mtawala, mamlaka ya kulinda yanabeba ndani yake haki ya kuigawa ardhi iliyo tupu na isiyokaliwa. Katika barua moja ya kisheria, watu wa bara waliondolewa katika orodha ya mataifa yenye dola. Mwaka 1901 ikatoka amri ya kifalme iliyoikabidhi ardhi hiyo kwa Kamishna, na mwaka 1902 sheria ya Ardhi ya Ufalme ikampa Kamishna huyo, Sir Charles Eliot, uwezo wa kuuza hadi ekari 1,000 kwa mtu mmoja, au kukodisha kwa miaka 99.

Ardhi tupu ni ipi, na nani aliyeiona ikiwa tupu? Miaka ya 1890 ilikuwa miaka ya msiba. Sotoka iliua ng'ombe, ndui ikaua watu, na ukame wa mwishoni mwa muongo huo ukaleta njaa iliyowafanya Wakikuyu wengi wa kusini, upande wa Kiambu, wahamie kwa jamaa zao kaskazini hadi hali itulie. Waliacha vichaka vikiota juu ya mashamba yenye wenyewe. Kila githaka, yaani eneo la ardhi lenye mipaka, kilikuwa na ukoo wake, na kila ukoo ulijua kilikoanzia na kilikoishia, nani alikinunua, na nani alikuwa muhoi, yaani mtu aliyekaribishwa kulima bila kuwa mmiliki. Kwa Wamaasai, uwanda usio na ng'ombe mwezi wa mvua ulikuwa akiba ya mwezi wa kiangazi. Afisa aliyepita hapo hakuona nyumba, basi akaandika kwamba hapana mtu.

Walowezi wakaja. Lord Delamere alipewa ekari 100,000 Njoro mwaka 1903. Kampuni moja iliyoitwa East Africa Syndicate ilipewa maili 500 za mraba katika Bonde la Ufa. Bonde hilo lilikuwa malisho ya Wamaasai, kwa hiyo mwaka 1904 serikali ilifunga nao mkataba: waondoke bondeni, wapewe maeneo mawili, moja Laikipia upande wa kaskazini na jingine kusini, na njia ya kuyaunganisha. Mkataba uliahidi kwamba utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani.

Ulidumu miaka saba. Walowezi walikwisha kuitamani Laikipia nayo. Mwaka 1911 Gavana Girouard alipata mkataba wa pili, na Wamaasai wa kaskazini wakaamriwa kuhamia kusini na mifugo yao. Msafara wa kwanza ulikwama katika baridi na mvua za milimani, mifugo ikafa na watu wakafa. Serikali ikausimamisha, kisha ikauanza tena. Kati ya 1911 na 1913 maelfu ya watu, pamoja na mamia ya maelfu ya ng'ombe na kondoo, walitolewa Laikipia. Daktari wa serikali aliyeitwa Norman Leys aliandika barua kwa watu wa London kueleza yaliyokuwa yakitendeka. Alihamishiwa Nyasaland.

Hapo ndipo Wamaasai walipofanya jambo ambalo ningependa kila mtoto wa shule Afrika Mashariki alijue. Walikwenda mahakamani. Ole Gilisho, kiongozi wa Wamaasai wa kaskazini ambaye nyaraka za Kiingereza zilimwita Legalishu, pamoja na wenzake walikodi wakili, wakafungua kesi Mombasa wakidai kwamba mkataba wa 1904 ulikuwa bado unaishi, na kwamba waliotia alama kwenye ule wa 1911 hawakuwa na idhini ya kuitoa ardhi ya watu wote. Kesi ilianguka mwaka 1913, na rufaa ikaanguka Desemba ya mwaka huohuo.

Sababu ya kuanguka ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Mahakama haikusema kwamba Wamaasai walidanganya au kwamba hawakudhulumiwa. Ilisema kwamba Himaya ya Afrika Mashariki ni nchi ya kigeni chini ya ulinzi wa Uingereza. Wamaasai, kwa hiyo, si raia wa Mfalme bali ni wageni, na mkataba wao ni mkataba baina ya dola mbili. Mambo ya dola na dola hayaamuliwi na mahakama ya kawaida. Mlango ukafungwa hapo.

Liweke jibu hilo kando ya lile la 1899. Ardhi ilipotakiwa, watu wa bara waliambiwa hawana dola, ndiyo maana ardhi yao ni ya Ufalme. Walipokwenda kuidai, miaka kumi na minne baadaye, waliambiwa ni dola, ndiyo maana hawawezi kusikilizwa. Majibu yote mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, na wanasheria walioyatoa hawakuwa wajinga. Sheria ya walowezi haikuwa na kanuni moja kuhusu Mwafrika ni nani. Ilikuwa na kanuni moja tu kuhusu ardhi iende wapi, kisha ikamvisha Mwafrika hadhi yoyote iliyoifikisha huko.

Hadhi ya tatu haikukawia. Sheria mpya ya 1915 ilipanua Ardhi ya Ufalme ikajumuisha hata ardhi wanayoishi wenyeji, na ikaongeza muda wa mlowezi kukodi kutoka miaka 99 hadi 999. Mwaka 1920 Himaya ikageuzwa kuwa Koloni la Kenya. Muda mfupi baadaye, Wakikuyu kadhaa, wakiwamo Isaka Wainaina na Murito, walifikishana mbele ya Jaji Mkuu Barth wakigombea kipande cha ardhi, kila upande ukidai haki yake kwa mila ya githaka. Jaji hakuona haja ya kupima nani mkweli. Aliamua kwamba kwa sheria ya 1915 na kugeuzwa kwa nchi kuwa koloni, haki za Wakikuyu katika ardhi hiyo zimekwisha, na kwamba wote ni wapangaji wa Ufalme, wanaokaa kwa ridhaa ya mwenye mali na wanaoweza kuondolewa apendapo. Wakikuyu hao waliingia mahakamani wakibishania shamba. Walipotoka, hakuna Mkikuyu hata mmoja aliyekuwa na shamba.

Watu wengi hudhani kwamba ardhi ya Kenya ilichukuliwa kwa bunduki. Bunduki zilikuwapo, waulize Wanandi. Lakini bunduki humtoa mtu leo tu, naye aweza kurudi usiku. Kilichohakikisha kwamba harudi ni daftari, na daftari hilo lilisafiri kutoka mbali. Mwaka 1858, Adelaide, koloni la Australia Kusini lilipitisha sheria ya usajili iliyopendekezwa na Robert Torrens. Kabla yake, aliyetaka kununua shamba alilazimika kufuatilia mlolongo wa hati za zamani, mmiliki baada ya mmiliki, kuhakikisha hapana kasoro. Torrens alisema mlolongo huo uachwe: dola iwe na daftari moja, na aliyeandikwa humo awe mmiliki kamili, yaliyotangulia yasiulizwe. Ni mfumo mzuri kwa mnunuzi, wa haraka na wa bei nafuu. Ulienea New Zealand, ukafika magharibi ya Kanada, na mwaka 1919 Kenya ikatunga sheria yake ya usajili wa hati kwa kufuata mfano huohuo.

Katika nchi zilizotwaliwa, yaliyotangulia ndiyo kesi yenyewe. Daftari linaloamuru kwamba historia ianze siku ya usajili lilimfaa sana mtu ambaye historia yake hapo ilianza siku ileile. Australia ilisubiri hadi mwaka 1992, katika kesi ya Eddie Mabo wa visiwa vya Torres Strait, ndipo mahakama yake kuu ikakiri kwamba bara lile halikuwa tupu Waingereza walipofika. Mabo mwenyewe alikuwa amefariki miezi michache kabla ya hukumu. Sheria ya Afrika Kusini ya 1913 haikutumia hata kisingizio cha utupu: iliwatengea Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi, kiasi cha asilimia 7 ya nchi, na ikawakataza kununua kwingine. Rhodesia Kusini ikafuata na sheria yake ya kugawanya nchi mwaka 1930.

Kenya, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, zaidi ya mashamba 1,000 yalitengewa maafisa na askari Wazungu waliorudi vitani, mengine yakigawiwa kwa bahati nasibu. Sehemu ya ardhi hiyo ilikatwa katika nchi ya Wanandi. Kericho, ekari 25,000 zilipewa maafisa wa kijeshi waliojeruhiwa, wakajaribu kulima kitani, wakashindwa, na ardhi ikaishia kwenye majani ya chai ya kampuni kubwa. Wabebaji Waafrika waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita hivyohivyo, ambao kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, hawakuwa na tiketi katika bahati nasibu hiyo.

Waliobaki juu ya mashamba hayo wakawa maskwota. Sheria ya 1918 iliwadai siku 180 za kazi kwa mwaka kwa mwenye shamba, kwa malipo ya kupata mahali pa kulima na kuchunga. Miaka ya 1920 walowezi walipoona mifugo ya maskwota inazidi, waliamuru ipunguzwe, na watu wakaita kampeni hiyo Kifagio. Mtu aliyekuwa na mbuzi mia aliachwa na wachache, na ujira wake haukupanda kufidia alichopoteza.

Kwa wale waliosukumwa katika maeneo ya hifadhi ya wenyeji, ahadi ilitolewa mwaka 1930: sheria ya amana ilisema maeneo hayo yatakuwa yao daima, na kikimegwa kipande chochote watapewa kingine cha thamani sawa. Mwaka uliofuata dhahabu ikagunduliwa Kakamega. Desemba 1932 sheria ilirekebishwa kwa haraka ili ardhi ya wachimbaji itolewe katika hifadhi pasipo kuongeza ardhi nyingine badala yake. Wakati huohuo tume ya Sir Morris Carter ilikuwa ikizunguka nchi kusikiliza malalamiko ya ardhi, wazee wakileta ushahidi wa mipaka, mito na makaburi. Ripoti yake ya 1934 iliongeza vipande hapa na pale, kisha ikapendekeza haki zote nyingine za Waafrika nje ya hifadhi zifutwe. Mwaka 1939 mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu ikachorwa rasmi, zaidi ya maili 16,000 za mraba.

Tanganyika, kwa kulinganisha, Wameru walikuwa na mlango ambao Ole Gilisho hakuwa nao. Walipofukuzwa Engare Nanyuki mwishoni mwa mwaka 1951 ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu, Kirilo Japhet alifika New York mwaka 1952 kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa sababu Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na Uingereza ilipaswa kujibu. Kenya ilikuwa koloni, na kwa koloni Uingereza haikuwa na wa kumjibu. Mwaka huohuo wa 1952 nchi ikatangaziwa hali ya hatari kwa sababu ya uasi wa waliodai ardhi.

Ni wakati wa hali ya hatari ndipo serikali ya kikoloni ilipoamua kuwapa Waafrika hatimiliki. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulilenga kuunganisha vipande vya kila familia, kuvipima na kuvisajili kwa jina la mtu binafsi, kwa matumaini kwamba mkulima mwenye hati na kahawa shambani hatashika silaha. Zoezi hilo lilifanyika Mkoa wa Kati huku maelfu wakiwa kizuizini au msituni na wengine wamesombwa na kutiwa katika vijiji vyenye walinzi. Asiyekuwepo hakuwa na wa kumtetea mbele ya kamati. Muhoi, aliyekuwa na haki ya kukaa na kulima kwa mila, hakuwa na safu katika daftari. Mwanamke, aliyelima shamba hilo kila siku, aliandikwa kwa nadra mno, kwa kuwa hati moja ilibeba jina moja, na jina hilo lilikuwa la mume au mwana.

Uhuru ulipofika, daftari halikuguswa. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika historia nzima, kwa kuwa hapa hapakuwa na mgeni wa kulaumiwa peke yake. Mpango wa ekari milioni moja, ulioanza 1962, uliwapa makazi takriban familia 35,000, lakini kwa kununua: mlowezi alilipwa bei ya soko kwa fedha za mkopo, sehemu kubwa kutoka Uingereza, na mkulima mpya akabebeshwa deni. Aliyepigania ardhi msituni aliilipia kama yeyote mwingine, na asiye na malipo ya kuanzia hakuingia. Mashamba mengi makubwa hayakukatwa kabisa, yalipita mazima kutoka mkono wa mlowezi hadi mkono wa mkubwa mpya. Bildad Kaggia, aliyehukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta, alipinga siasa hiyo na mwaka 1964 akatoka serikalini kwa ajili yake.

Mahakama nazo ziliendelea na mkondo wa zamani. Mwaka 1972, katika kesi ya Obiero dhidi ya Opiyo, mahakama ya Kenya huru iliamua kwamba haki za kimila haziwezi kusimama mbele ya jina lililosajiliwa. Jaji wa miaka ya 1920 alikuwa ameandika karibu hilohilo, tofauti ikawa ni nani aliyeandikwa juu ya hati.

Agosti 2004, miaka 100 tangu mkataba wa kwanza, Wamaasai waliandamana Nairobi, na Laikipia wakaingiza ng'ombe katika ranchi wakisema muda wa kukodishwa umekwisha. Polisi waliwatawanya kwa nguvu, na mzee mmoja aliuawa kwa risasi. Serikali iliwajibu kwamba muda wenyewe ni miaka 999, si 99. Wazee hawakukosea hesabu. Miaka 99 ndiyo iliyokuwa katika sheria ya 1902, na 999 iliongezwa mwaka 1915 bila wao kuulizwa. Katiba ya 2010 ilifuta miaka 999 kwa wasio raia na kuirudisha 99, lakini ikaanza kuihesabu upya siku ilipoanza kutumika, kwa hiyo muda huo utaisha Agosti 2109. Ukoo wa Talai wa Kericho, waliohamishwa kwa nguvu hadi Gwassi mwaka 1934, wamechagua kutafuta haki nje ya nchi: mwaka 2022 malalamiko yao na ya Wakipsigis yalifikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Pwani ilipita njia yake, na pengine ndiko daftari lilikofanya kazi kwa ukimya kuliko kokote. Ukanda wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na Uingereza iliukodi mwaka 1895 kwa masharti ya kuheshimu mali ya watu. Hapa haingewezekana kusema hapana dola. Badala yake ikatungwa sheria ya mwaka 1908: kila mwenye ardhi ajitokeze mbele ya msajili, adai, alete ushahidi, na ardhi isiyodaiwa itakuwa ya Ufalme. Kazi hiyo iliendelea Malindi, Mombasa na kwingineko hadi mapema miaka ya 1920. Waliokuwa na hati za kadhi walidai. Madai ya pamoja, ya ukoo au taifa zima, yalipata shida kwa kuwa msajili alitaka mtu mmoja na mipaka yake. Hata Thenashara Taifa wa Mombasa, wenye historia ndefu kuliko serikali yenyewe, hawakufua dafu.

Wamijikenda ndio walioumia zaidi. Ardhi yao ilikuwa ya mbari na kaya, hawakuwa na karatasi, na wengi hawakuelezwa kwamba ukimya wao utahesabiwa kuwa ridhaa. Wagiriama walikuwa na sababu nyingine tena za kuiogopa serikali: mwaka 1914 iliwafukuza kutoka kaskazini ya mto Sabaki na kupigana nao, baada ya Mekatilili wa Menza kuwaunganisha kukataa kutoa vijana wao kwa kazi. Jamii iliyotoka vitani na serikali hiyo haikuwa na sababu ya kupanga foleni kwa msajili wake.

Matokeo yake yanaonekana hadi leo kutoka Kwale hadi Lamu. Mtu ana minazi iliyopandwa na babu yake, ana kaburi la babu huyo nyuma ya nyumba, na anaitwa skwota. Mombasa na Malindi kuna nyumba zisizo na ardhi: mwenye nyumba anamiliki kuta na paa, lakini uwanja ulio chini ya kuta ni wa mwingine aliyesajiliwa, ambaye pengine haishi hata nchini, na kodi ya uwanja hulipwa kila mwezi. Uwanja ukiuzwa, mnunuzi huja na hati yake na tingatinga, na mahakama hutazama hati kwanza.

Katiba ya 2010 iliitambua ardhi ya jamii kwa mara ya kwanza kuwa sawa kwa hadhi na ardhi ya mtu binafsi, na sheria ya mwaka 2016 ikaeleza namna ya kuisajili. Jamii ijiandikishe, iorodheshe watu wake, ichague kamati, ipimiwe mipaka, ndipo ipewe hati. Ni hatua kubwa, na waliozipigania wanastahili heshima. Lakini mzigo wa kuthibitisha bado uko juu ya aliyekuwepo kwanza, kama ulivyokuwa mwaka 1908, na jamii isiyo na fedha wala wakili husubiri. Serikali inayoweza kulipia upimaji wa njia ya reli na bomba la mafuta inaweza kulipia upimaji wa ardhi ya Wagiriama na Waturkana, na ingepaswa kuulipia kabla ya mingine yote. Kwa sasa, ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi. Barabara ikipita humo na fidia ikitoka, hulipwa kaunti, nayo huiweka hadi siku jamii itakapopata hati.